Kuendesha Mailman kwenye seva ya Windows: mwongozo kamili kwa ofisi ndogo ya Nairobi

Ofisi nyingi ndogo hapa Nairobi zina seva moja, na seva hiyo ni ya Windows. Ndiyo inayoshika faili za ofisi na programu ya uhasibu, na mara nyingi imefungiwa kabatini kando ya rauta ya faiba. Halafu mwenyekiti anakuja na ombi la maana kabisa: wanachama wawe na anwani moja ya barua pepe ambayo ukiiandikia ujumbe unawafikia wote, na kila kilichoandikwa kihifadhiwe mahali kitakapopatikana hata mwaka ujao. Kundi la WhatsApp limeshajaribiwa. Muhtasari wa mkutano mkuu ulimezwa na salamu za asubuhi kabla ya saa nne, na katibu alipopoteza simu nyaraka zilipotea pamoja nayo.

Programu ya kazi hiyo ipo na hailipiwi: GNU Mailman. Tatizo ni kwamba imeandikiwa Unix, nawe una Windows. Nimelitatua jambo hili katika ofisi zaidi ya moja, na ushauri wangu wote unasimama juu ya neno moja: usijaribu kuigeuza Mailman iwe programu ya Windows. Ijengee chumba chake cha Linux, mfumo wa jamii ya Unix, ndani ya seva hiyohiyo, ikae humo kwa raha. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukijenga chumba hicho, kisha unakaa zaidi kwenye sehemu inayowashinda wengi, yaani kuhakikisha barua zinapokelewa huko ziendako.

Kwa nini haikai Windows moja kwa moja

Mailman imeandikwa kwa Python, na Python inafanya kazi Windows vizuri tu. Kwa hiyo watu hudhani ni suala la kusakinisha na kuondoka. Lakini Mailman si programu moja. Kuna mchakato mkuu unaozaa michakato midogo: mmoja unapokea barua, mwingine unazisambaza, mwingine unashughulikia zilizokataliwa. Kuzaa huko kunafanywa kwa njia ya Unix ambayo Windows haina, na mawasiliano kati ya mzazi na watoto yanategemea ishara za Unix ambazo Windows inazijua kwa uchache. Pia Mailman haitumi wala haipokei barua yenyewe kutoka nje. Inategemea programu jirani, kwa kawaida Postfix, ambayo nayo ni mwenyeji wa Unix.

Kuna na mambo madogo yanayouma. Mtindo wa Maildir wa kuhifadhi barua huweka alama ya nukta pacha ndani ya jina la faili, na Windows hairuhusu alama hiyo. Tena Windows humaliza mstari wa maandishi kwa herufi mbili zisizoonekana, Unix kwa moja. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilipitia njia ya Cygwin (programu inayoiga mazingira ya Unix ndani ya Windows), nikahariri hati ndogo kwa Notepad, nikaiendesha, ikaniambia:

```
/bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory
```

Nilikodolea macho ile ^M kwa saa nzima. Faili ipo, bash ipo, na bado inasema haipo. Ile ^M ndiyo herufi ya ziada ya Windows mwishoni mwa mstari. Ukiiona, endesha `dos2unix` juu ya faili hiyo na uendelee. Na tangu siku hiyo sihariri faili ya Linux kwa programu ya Windows isiyonionyesha miisho ya mistari.

Utakutana pia na maelekezo ya zamani ya kuweka Mailman 2.1 juu ya Cygwin. Yaache. Toleo hilo linahitaji Python 2, ambayo iliacha kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Mailman 3, iliyotoka mwaka 2015, ndiyo ya kutumia. Kama ofisi ina pesa na inataka kitu kinachokaa Windows chenyewe, LISTSERV ina toleo la Windows, ila hiyo ni bidhaa ya leseni ya kulipia. Kwa chama cha akiba au umoja wa wakazi, Mailman inatosha na kubaki.

WSL au Hyper-V?

Windows Server 2022 inaweza kuendesha Linux kupitia WSL 2, na kuisakinisha ni amri moja, `wsl --install`. Kwa kujifunza ni njia nzuri sana. Kwa kazi ya kila siku siipendekezi. Linux ya WSL imefungwa kwenye akaunti ya mtumiaji mmoja wa Windows, na haiamki yenyewe seva inapowaka. Anwani yake ya ndani hubadilika, ikakulazimu kuhangaika na amri za `netsh` kila mara ili barua zipite. Orodha ya wanachama haifai kutegemea kwamba kuna mtu ameingia kwenye seva asubuhi hiyo.

Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), inakuja na Windows Server bila malipo ya ziada, na mashine pepe ya Debian, aina mojawapo ya Linux, haidai leseni ya Windows. Inapata anwani yake ya IP kwenye mtandao wa ofisi kama kompyuta nyingine yoyote, na inaamka seva ikiamka. Hiyo ndiyo njia tutakayofuata.

Kwanza hakikisha kichakataji kinakubali. Fungua PowerShell kama msimamizi na uandike `systeminfo`. Mwishoni utaona mistari kuhusu mahitaji ya Hyper-V. Ikisema uwezo huo umezimwa kwenye BIOS, itabidi uingie BIOS na kuuwasha. Seva yenyewe ikiwa ni ya kukodi, yaani tayari ni mashine pepe kwa mwenyewe, muulize kama anaruhusu mashine pepe ndani ya nyingine. Wengi hawaruhusu, na hapo ni rahisi zaidi kukodi Linux ndogo kuliko kupigana. Na kama seva hiyo ndiyo inayoshika Active Directory ya ofisi (orodha kuu ya watumiaji na nywila zao), Microsoft haishauri kuchanganya kazi hizo mbili. Tafuta kompyuta nyingine.

Kujenga chumba

```
Install-WindowsFeature -Name Hyper-V -IncludeManagementTools -Restart
```

Seva itajizima na kuwaka tena, kwa hiyo fanya hivi baada ya saa za kazi. Ikishaamka:

```
New-VMSwitch -Name "Nje" -NetAdapterName "Ethernet" -AllowManagementOS $true
New-VM -Name orodha -Generation 2 -MemoryStartupBytes 2GB -NewVHDPath D:\VM\orodha.vhdx -NewVHDSizeBytes 30GB -SwitchName "Nje"
Set-VMFirmware -VMName orodha -SecureBootTemplate MicrosoftUEFICertificateAuthority
Set-VM -Name orodha -AutomaticStartAction Start -AutomaticStopAction ShutDown
Add-VMDvdDrive -VMName orodha -Path D:\ISO\debian.iso
Set-VMFirmware -VMName orodha -FirstBootDevice (Get-VMDvdDrive -VMName orodha)
```

Angalizo kwa amri ya kwanza: inapotengeneza swichi pepe, mtandao wa seva hukatika kwa sekunde chache. Ukiwa umeingia kwa mbali kutoka nyumbani, na anwani ya seva iliwekwa kwa mkono, kuna hatari ya kujifungia nje. Nenda ofisini ukae mbele ya skrini. Ile amri ya tatu nayo usiisahau, kwa kuwa bila hiyo Windows haitaiamini Linux na mashine itakataa kuwaka. Jina "Ethernet" libadilishe kulingana na linaloonekana ukiandika `Get-NetAdapter`.

Sakinisha Debian 12 bila mazingira ya madirisha, na ukubali SSH tu. Ipe anwani ya ndani isiyobadilika, kisha weka saa:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
```

Kuweka Mailman

Mpangilio wa kusakinisha una maana yake. Postfix na hifadhidata vitangulie, la sivyo Debian inaweza kukuletea programu nyingine ya barua usiyoitaka.

```
sudo apt install postfix postgresql nginx rsyslog
sudo apt install dbconfig-pgsql python3-psycopg2 mailman3-full
```

Postfix ikikuuliza, chagua "Internet Site" na uipe jina kamili la orodha zako. Hapa natumia `orodha.example.org`, weka la kwenu. Ninaongeza rsyslog kwa sababu Debian 12 haiji nayo, na mimi napenda kuisoma `/var/log/mail.log` kwa macho yangu. Mailman itauliza kuhusu hifadhidata: chagua PostgreSQL. SQLite ni ya majaribio. Kisha itakuuliza jina na nywila ya msimamizi wa kurasa za wavuti. Iandike mahali salama, si kwenye karatasi ya njano juu ya kabati la seva.

Fungua `/etc/mailman3/mailman.cfg` na ubadilishe `site_owner` iwe anwani ya mtu halisi anayesoma barua zake. Ndani ya `/etc/mailman3/mailman-web.py` hakikisha jina lako limo kwenye `ALLOWED_HOSTS`. Sasa ongeza haya kwenye `/etc/postfix/main.cf`. Kama mojawapo ya mistari hii imo tayari, ibadilishe palepale ilipo badala ya kuiandika mara mbili:

```
recipient_delimiter = +
unknown_local_recipient_reject_code = 550
owner_request_special = no
transport_maps = hash:/var/lib/mailman3/data/postfix_lmtp
local_recipient_maps = proxy:unix:passwd.byname $alias_maps hash:/var/lib/mailman3/data/postfix_lmtp
relay_domains = hash:/var/lib/mailman3/data/postfix_domains
```

Maana yake ni hii. Barua ikija, Postfix inaangalia kwenye faili ambazo Mailman imeziandika. Ikiona anwani ni ya orodha, inaikabidhi Mailman kupitia mlango nambari 8024 ndani ya mashine hiyohiyo. Ikiwa anwani haijulikani, inakataa papo hapo. Faili hizo hazijazaliwa bado, ndiyo maana Postfix italalamika. Zinatengenezwa hivi:

```
sudo -u list mailman create wanachama@orodha.example.org
sudo -u list mailman aliases
sudo systemctl restart mailman3 mailman3-web postfix
```

Usiendeshe amri za mailman kama root. Faili zitakuwa mali ya root, na kesho huduma itashindwa kuzisoma.

Kwa wavuti, unganisha `/etc/mailman3/nginx.conf` kwenye `/etc/nginx/sites-enabled/`, weka jina lako kwenye mstari wa `server_name`, na uwashe nginx upya. Cheti cha usalama kipate kwa certbot. Ukiingia mara ya kwanza, tafuta sehemu ya "Sites" kwenye ukurasa wa msimamizi na ubadilishe `example.com` iliyowekwa kiwandani. Ukiiacha, wanachama watapata barua za kuthibitisha akaunti zenye jina wasilolijua, na wengi watazifuta wakidhani ni ulaghai. Nao watakuwa sahihi kufanya hivyo.

Kupeleka barua hadi mlangoni kwa mtu

Hadi hapa ni nusu ya kazi, na ni nusu rahisi. Orodha inafanya kazi ndani ya ofisi. Ukiiandikia Gmail, kuna uwezekano mkubwa ujumbe ukaishia kwenye spamu au usifike kabisa.

Anza na anwani ya IP. Faiba ya kawaida ya nyumbani au ya ofisi ndogo hapa mjini mara nyingi hukuweka nyuma ya anwani inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Barua kutoka nje haziwezi kukufikia hapo. Mwombe mtoa huduma wako anwani tuli ya IP, na katika barua hiyohiyo omba mambo mawili: mlango nambari 25 ufunguliwe, na rekodi ya PTR, inayoeleza anwani ya IP ni ya jina gani, iandikwe ielekeze `orodha.example.org`. PTR haiwekwi na wewe. Mwenye anwani ndiye huiweka. Omba kwa maandishi. Niliwahi kuahidiwa kwa simu na mtoa huduma mmoja, nikangoja majuma matatu, kisha nikaambiwa hakuna kumbukumbu ya ombi langu.

Kwenye rauta, elekeza milango 25, 80 na 443 kwa anwani ya ndani ya mashine pepe. Huna haja ya kugusa faiawoli ya Windows, kwa kuwa pakiti hizi hazipiti kwake. Kwenye DNS ya jina lenu weka rekodi ya A (anwani ya IP) na ya MX (seva inayopokea barua) za `orodha`, halafu hizi mbili za TXT, ya kwanza (SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu) kwenye `orodha` yenyewe na ya pili (DMARC, inayosema barua isiyothibitika ifanywe nini) kwenye `_dmarc.orodha`:

```
v=spf1 mx ~all
v=DMARC1; p=none
```

Kisha DKIM, ambayo ni saini inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenu. OpenDKIM kwenye Debian inaifanya. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM pamoja na PTR sahihi, na wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wake wawe na SPF, DKIM na DMARC zote. Hesabu kabla ya kusema "sisi ni wadogo": ujumbe mmoja kwa wanachama 400 ni barua 400, na siku ya mjadala wa gawio watu huandika.

Kama mtoa huduma anakataa kuachia mlango 25 wa kutoka, au anwani uliyopewa ilichafuliwa na mtu kabla yako, pitisha barua zinazotoka kwa huduma ya kupeleka barua. Katika `main.cf` weka `relayhost` na taarifa za kuingia, sakinisha `libsasl2-modules`, hakikisha faili ya nywila ni `chmod 600`, na uongeze huduma hiyo kwenye rekodi ya SPF.

Kuna mtego mmoja ambao ni wa orodha peke yake. Mwanachama mwenye anwani ya Yahoo anaandika kwenye orodha. Mailman inaongeza `[Wanachama]` kwenye kichwa cha habari na maneno machache chini ya ujumbe. Saini ya DKIM ya Yahoo inavunjika, kwa maana maandishi si yaleyale tena. Seva inayopokea inaona barua inayosema imetoka Yahoo lakini imetumwa na mashine ya Nairobi isiyo na saini ya Yahoo. Tangu Aprili 2014 Yahoo imeelekeza barua za namna hiyo zikataliwe. Matokeo yake ni kwamba wanachama wengine hawamwoni huyo mwenzao kabisa, naye anadhani amepuuzwa. Nimeona mzee mmoja akiacha kuhudhuria vikao kwa jambo hili hili. Aliamini maoni yake yanafichwa kwa makusudi. Tiba iko kwenye mipangilio ya orodha, sehemu ya DMARC: chagua jina la mtumaji libadilishwe kuwa anwani ya orodha. Jina lake litaonekana bado, na barua zitapita. Fanya hivyo kabla ya kumwongeza mwanachama wa kwanza.

Mipangilio ya kubadilisha siku hiyohiyo

Mailman imewekwa kukubali ujumbe usiozidi KB 40. Picha moja ya risiti iliyopigwa kwa simu inazidi hapo, na kila muhtasari wa PDF utashikwa ukingojea idhini yako. Panua hadi KB 2000 hivi. Amua pia majibu yaende wapi. Kwa orodha ya matangazo na ya mambo ya pesa, mimi huyaelekeza kwa aliyeandika, wala si kwa wote. Mwanachama akibonyeza "jibu" akamweleza mhazini shida yake ya mkopo, shida hiyo ibaki kati yao wawili.

Halafu andika ujumbe wa kumkaribisha mwanachama kwa Kiswahili. Kwenye Postorius, yaani kurasa za wavuti za kusimamia orodha, nenda Templates, chagua `list:user:notice:welcome`, ufute Kiingereza chote na uweke maneno yenu:

> Karibu. Ukitaka kuwaandikia wanachama wote, tumia wanachama@orodha.example.org. Ukitaka kujiondoa, tuma barua tupu kwa wanachama-leave@orodha.example.org. Hatutakuuliza nywila ya benki wala PIN ya simu kupitia orodha hii, kamwe.

Sentensi ya mwisho usiiache. Walaghai wanazijua orodha za vyama kuliko tunavyofikiri.

Sasa wanachama. Usichukue faili ya anwani kutoka kwa katibu na kuimwaga ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka uwe na msingi halali wa kutumia taarifa za mtu, na idhini yake ndiyo iliyo safi zaidi. Mailman inaweza kuwatumia mwaliko, aingie anayekubali:

```
sudo -u list mailman addmembers --invite /tmp/anwani.txt wanachama@orodha.example.org
```

Alika ishirini kwanza, huku ukiangalia `tail -f /var/log/mail.log` kwenye dirisha la pili. Unatafuta `status=sent`. Ukiona `deferred`, subiri, Postfix itarudia. Ukiona `bounced`, soma maneno yanayofuata kwenye mstari huo huo, maana seva ya mbali huwa inaeleza wazi inachokosa. Zikipita ishirini, alika hamsini, kisha waliobaki siku inayofuata. Anwani mpya ikitoa mamia ya barua kwa dakika moja inafanana na mtumaji wa spamu.

Bekapu, na stima

Checkpoint ya Hyper-V, yaani picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani, si bekapu. Inakaa kwenye diski ileile. Kila usiku toa nakala ya hifadhidata kwa `pg_dump`, ongeza folda za `/var/lib/mailman3` na `/etc/mailman3`, na uzipeleke kwenye diski nyingine. Mara moja kwa mwezi tumia `Export-VM` kutoa mashine nzima, diski hiyo ikatolewe nje ya ofisi. Kisha jaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, angalau mara moja.

Jaribio la mwisho lifanye Jumamosi mchana, ofisi ikiwa haina watu. UPS iwe imeunganishwa na Windows kwa kebo yake, ili seva ipate taarifa na kujizima kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Chomoa waya wa UPS ukutani. Tazama mashine pepe ikizimwa kwanza, kisha Windows. Ukiwa gizani hapo, tuma barua kwenye orodha kutoka simu yako. Haitafika, na haitapotea: seva ya upande wa pili itaishika na kujaribu tena, na Postfix nyingi hurudia kwa hadi siku 5 kabla ya kukata tamaa. Rudisha stima, washa seva, usiguse kitu kingine chochote. Mashine ya `orodha` iamke yenyewe, na ile barua ya gizani iingie kwenye kumbukumbu za HyperKitty (hifadhi ya Mailman inayosomwa kwa wavuti) ikiwa na saa uliyoituma. Ikiwa imebidi uingie kwa mkono kuamsha chochote, hicho ndicho cha kurekebisha kabla hujawatangazia wanachama anwani yao mpya.